Je, wajua ni nini kinachokuzuia kugusa vidole vya miguu?

Mwambie mtu anayefanya mazoezi kila wiki asimame, anyooshe magoti, kisha ainame aguse vidole vya miguu. Wengi huishia kwenye miundi, nyuma ya mapaja kunavuta na pumzi imebanwa. Muulize kwa nini ameishia hapo, atakwambia misuli yake ni mifupi. Kocha naye atamwambia ajinyooshe kila siku mpaka irefuke. Ushauri wa kocha ni mzuri. Sababu anayoitoa ndiyo yenye kasoro, na kasoro hiyo huwafanya watu wengi wajiumize au wakate tamaa baada ya wiki mbili.

Mtu huyohuyo akilazwa kwenye chumba cha upasuaji na kupewa dawa ya usingizi, mguu wake ulionyooka huweza kuinuliwa juu zaidi kuliko alipokuwa macho. Madaktari wamelipima jambo hili. Msuli ni uleule na urefu wake ni uleule. Kilicholala ni mfumo wa fahamu.

Ndani ya misuli yetu kuna vipokezi vidogo vilivyolala sambamba na nyuzi zake. Msuli ukivutwa, na hasa ukivutwa ghafla, vipokezi hivyo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na amri ya kujikaza hurudi papo hapo bila kusubiri ubongo uamue. Daktari akikugonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu ukaruka wenyewe, ndicho anachokipima. Juu ya kinga hiyo kuna ubongo, ambao hupima mvuto na kuamua uanzie wapi kuitwa maumivu. Mpaka huo huwekwa mapema, mbali kabla ya mahali ambapo msuli ungechanika, kwenye eneo ambalo mwili haujazoea kufika.

Mwaka 1996, Peter Magnusson na wenzake nchini Denmark walichapisha jaribio ambalo watu walinyoosha nyuma ya paja la mguu mmoja kila siku kwa wiki tatu, mguu wa pili ukaachwa. Mguu ulionyooshwa ulifika mbali zaidi. Lakini mashine ilipopima ukinzani wa msuli katika pembe ileile ya mwanzo, ukinzani ulikuwa haujabadilika. Washiriki walikuwa wameweza kuvumilia mvuto mkubwa zaidi, basi. Ukiendelea kwa miezi, msuli wenyewe nao huweza kubadilika kiasi, ila katika wiki za mwanzo unachokipata zaidi ni ruhusa ya mfumo wa fahamu.

Ndiyo maana ninasisitiza neno "kila siku". Ruhusa hiyo hujengwa kwa kurudiarudia bila kutisha. Mtu anayekaa wiki nzima bila kuzigusa nyonga zake, kisha Jumapili baada ya jogingi akamwomba mwenzake amkandamize mgongo hadi machozi yamtoke, anaufundisha ubongo kwamba mahali pale kweli ni pa hatari. Sekunde 30 kwa kila msuli, mara mbili au tatu, kwenye mvuto ambao bado unaweza kuzungumza nao na kupumua taratibu, zinatosha kabisa. Na ukishafika mwisho, usidundedunde. Kudunda huko huviamsha vipokezi vilevile unavyotaka vitulie.

Sasa, kujinyoosha kumebebeshwa sifa ambazo si zake. Inasemwa kwamba ukijinyoosha baada ya mazoezi, kesho hutaumwa misuli. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2011 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, yalikuta nafuu ya wastani wa kama pointi 1 katika kipimo cha pointi 100. Mtu wa kawaida hawezi hata kuihisi. Inasemwa pia kwamba kunyoosha misuli kabla ya kukimbia huzuia majeraha. Katika jeshi la Australia, kurutu 1,538 waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilinyoosha misuli ya miguu kabla ya kila zoezi, la pili halikunyoosha. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2000, hayakuonyesha tofauti ya maana katika majeraha.

Kinachokinga zaidi ni nguvu ya msuli ukiwa umerefuka. Mashabiki wa mpira wanajua jinsi mshambuliaji anavyoshika nyuma ya mguu katikati ya mbio na kutolewa nje, ameumia nyama za paja. Msuli ule huumia ukiwa umerefuka na huku unafanya kazi ya kufunga breki. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya timu 50 zenye wachezaji 942. Timu za upande mmoja ziliongezewa zoezi moja tu: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unaanguka mbele polepole ukijizuia kwa nyuma ya mapaja mpaka mikono ifike chini. Upande huo ulipata majeraha mapya na ya kujirudia 15 ya nyama za paja. Upande wa pili ulipata 52. Mchezaji wa mtaani anaweza kulifanya zoezi hili uwanjani kwao bila kununua chochote, ila aanze na marudio machache, kwa sababu siku za kwanza linauma vibaya.

Kabla ya mazoezi, pasha mwili kwa mwendo. Mchakamchaka wa shuleni ulikuwa na mantiki hiyo: kukimbia taratibu huku mnaimba, joto linapanda kidogo kidogo, viungo vinazunguka. Ongeza kurusha miguu mbele na nyuma, hatua ndefu za kushuka goti, na kuzungusha mabega. Kushikilia msuli mmoja kwa zaidi ya sekunde 60 kabla ya mbio fupi au kunyanyua vyuma hupunguza nguvu kwa muda, kwa hiyo mikao mirefu iache ije baadaye, au jioni.

Ukiwa na dakika 10 tu kwa siku, anza na vifundo vya miguu na nyonga. Viungo hivi ndivyo maisha ya kukaa kwenye kiti yanavyovinyima kazi. Mtu anayeketi kwenye mkeka, anayefua kwa kuinama, anayechuchumaa kuwasha jiko, huvipitisha katika mwendo wake mpana mara nyingi kwa siku bila kuliita zoezi. Wengi wetu tuliohamia ofisini tumeuacha mwendo huo, halafu tunakwenda jimu kushangaa visigino vikiinuka tukipiga skwati.

Jipime. Weka mguu mbele ya ukuta, peleka goti mbele liguse ukuta, kisigino kibaki chini. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo. Ukiweza kuacha kama sentimita 10 kati ya kidole gumba na ukuta, kifundo chako kiko vizuri. Ukishindwa, kipimo hichohicho ndicho zoezi lako. Kisha chuchumaa ukishika nguzo au fremu ya mlango, ukae humo ukipumua.

Usifanye mikao ya kuinama sana mara tu unapotoka kitandani. Usiku diski za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba. Asubuhi mtu huwa mrefu zaidi kwa karibu asilimia 1, na mgongo ukikunjwa wakati huo diski hubeba shinikizo kubwa zaidi. Tembea kwanza, oga, andaa chai.

Wapo pia ambao hawatapiga msamba hata wakijinyoosha miaka kumi. Umbo la tundu la nyonga na shingo ya mfupa wa paja hutofautiana, na mfupa ukigota kwenye mfupa hakuna cha kunyoosha. Utaujua mgoto huo kwa kuwa husikika ndani ya kinena kama kubanwa, wakati msuli huvuta kwa upana, katikati ya nyama. Ukihisi ganzi, sindano au umeme ukishuka mguuni, hiyo ni neva inayolalamika. Legeza mara moja, na likirudi kila siku nenda ukamwone mtaalamu wa fiziotherapia.