Kumrekodi polisi au afisa wa uhamiaji nchini Marekani: haki inaishia wapi

Swali ninaloulizwa mara nyingi ofisini ni kama mtu anaweza kukamatwa kwa kumrekodi askari. Kukamatwa anaweza, swali la maana ni kama kukamatwa huko kutasimama mbele ya jaji.

Katiba ya Marekani haitaji kamera popote. Haki hii imejengwa na mahakama za rufaa juu ya Marekebisho ya Kwanza, yanayolinda uhuru wa kujieleza. Mwaka 2007, katika bustani ya Boston Common, mwanasheria Simon Glik aliwarekodi kwa simu polisi waliokuwa wakimkamata kijana mmoja, naye akakamatwa kwa madai ya kunasa sauti kwa siri, ilhali simu alikuwa ameishika waziwazi. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa iliamua kwamba alikuwa na haki ya kurekodi, na mahakama nyingine za rufaa zimefuata mkondo huo. Sioni sababu ya kisheria ya kumtofautisha afisa wa uhamiaji anayefanya kazi hadharani.

Kinachowaponza wengi ni umbali. Kurekodi ni halali, lakini kumzuia afisa wa shirikisho kwa nguvu ni kosa la jinai, na afisa mwenye hasira huona kizuizi hata pasipo nacho. Akikuamuru urudi nyuma, rudi hatua kadhaa huku ukisema kwa sauti, "Ninarudi nyuma, ninaendelea kurekodi." Maneno hayo yataingia kwenye video pamoja na nyayo zako zikisogea.

Kuhusu simu yenyewe, mwaka 2014, katika kesi ya Riley, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba polisi, isipokuwa kwa dharura, wanahitaji hati ya jaji ili kupekua simu hata ya mtu aliyekwisha kukamatwa. Mipakani na kwenye viwanja vya ndege hali ni tofauti, kwa kuwa maafisa wa forodha hupekua bila hati. Kabla ya kutoka nyumbani, zima kufungua simu kwa uso au kidole na uweke namba ndefu ya siri.

Asiye raia nampa ushauri mwingine, ingawa naye analindwa: alama za vidole zinazochukuliwa kituo cha polisi hufika pia kwa idara ya usalama wa ndani, inayosimamia uhamiaji. Kama jirani aliye raia yupo, kamera aishike yeye.