Kemotherapi ya mgonjwa wetu itachukua muda gani?

Mama amekutwa na saratani na anaanza kemotherapi. Atamaliza lini?

Wagonjwa wengi humaliza ndani ya miezi 3 hadi 6, ila madaktari huhesabu mizunguko. Mgonjwa hupewa dawa, kisha huachwa apumzike mwili upate kujijenga. Dawa pamoja na mapumziko yake ni mzunguko mmoja, mara nyingi wa wiki 2 hadi 4. Mizunguko 6 ya wiki 3 ni miezi minne na ushee. Basi mwulizeni daktari: ni mizunguko mingapi, na kila mmoja una wiki ngapi?

Saratani ya damu inayowapata zaidi watoto hutibiwa miaka 2 hadi 3, sehemu kubwa kwa vidonge vya kumezea nyumbani. Na kama saratani imeshasambaa, huenda msipewe tarehe ya mwisho kabisa: dawa huendelea maadamu zinamsaidia na mwili unazihimili.

Siku ya dawa tutakaa hospitali saa ngapi?

Dripu yenyewe yaweza kwisha kwa nusu saa au ikachukua saa kadhaa. Kabla yake kuna kupima damu, kusubiri majibu na dawa za kuzuia kichefuchefu. Tengeni siku nzima.

Tumefika, tukaambiwa damu iko chini, turudi wiki ijayo. Dawa zimeshindwa?

Hapana, wala si kosa la mgonjwa. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na uboho unaotengeneza damu ni miongoni mwake. Chembechembe nyeupe zikiwa chache, dozi nyingine ingemwacha bila kinga. Kuahirishwa hivyo hutokea mara kwa mara.

Hapa naomba mnisikilize sana. Mara nyingi chembechembe hizo hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Wekeni kipimajoto nyumbani. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Msimpe dawa ya kushusha homa mkasubiri kupambazuke. Homa itajificha huku maambukizi yakisambaa.

Akimaliza dozi ya mwisho, amepona?

Vipimo ndivyo vitakavyosema, na huenda bado akahitaji upasuaji au mionzi. Uchovu hudumu wiki kadhaa, hata miezi. Akiwaambia hana nguvu ilhali dawa zilishaisha, mwaminini, na mwendelee kumpunguzia kazi.