Mbunge wa jimbo Marekani kukaa miaka 30 sio kuvunja katiba

Ile meseji ya kwamba Marekani hakuna mwanasiasa anayeruhusiwa kuzidi vipindi viwili, kwa hiyo mbunge wa jimbo aliyekaa miaka 30 lazima anaiba kura, imerudi tena kwenye magrupu. Jamani, sio kweli.

Ukomo wa vipindi viwili ni wa rais, uliingia kwenye katiba yao mwaka 1951. Mabunge ya majimbo kila jimbo lina sheria yake, na majimbo 16 tu kati ya 50 ndo yana ukomo. California mwisho miaka 12 kwa jumla, ila Texas hakuna kabisa, na kule baraza la chini wanapigiwa kura kila miaka 2, yaani aliyekaa miaka 30 amerudi kwa wananchi mara 15. Hiyo hesabu meseji haisemi.

Nadhani kinachotuchanganya zaidi ni hili neno jimbo, maana kwa Mtanzania jimbo ni eneo la mbunge mmoja, kule ni kama kinchi kizima chenye gavana na bunge lake.

Kuhakikisha ni rahisi, ingia tovuti ya serikali ya jimbo husika upande wa uchaguzi, matokeo ya miaka ya nyuma yapo, utaona jina lake, wapinzani wake na kura za kila mmoja. Mwaka mwingine utakuta jina moja tu, hakupata mpinzani, na hilo nalo linaruhusiwa.

Kwa hiyo ikikufikia naomba usiifowadi, mjibu aliyekutumia kwa upole, umpe na hiyo tovuti aangalie mwenyewe.