Bresi ya viungo ni nini?

Bresi ni kifaa kinachovaliwa nje ya mwili ili kifanye kazi ambayo kiungo, msuli au kano imeshindwa kuifanya. Mguu bandia huchukua nafasi ya mguu uliokatwa. Bresi humsaidia mtu ambaye mguu wake bado upo. Hospitalini utasikia pia jina vifaa tegemezi, na humo mna kola ya shingo, mkanda wa mgongo, ganda la plastiki la mguu, hadi vyuma virefu vinavyopanda kutoka kwenye kiatu mpaka pajani.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza ni kazi gani iliyokosekana.

Mtu aliyepata kiharusi mara nyingi hushindwa kuinua ubapa wa mguu. Vidole vinaburuza, anajikwaa hata penye sakafu tambarare, au analazimika kuuzungusha mguu mzima kwa nje ndipo upite. Ganda jepesi la plastiki linalopita nyuma ya muundi na chini ya unyayo, likivaliwa ndani ya kiatu, hushikilia kifundo karibu na nyuzi 90, vidole visianguke anapopiga hatua. Ganda haliponyi ubongo. Lakini mtu mzima akiweza tena kwenda chooni bila kushikwa mkono, amerudishiwa heshima yake.

Aliyeugua polio utotoni ana shida nyingine: msuli wa mbele ya paja umedhoofu, akikanyaga goti linakunjika. Huyu anahitaji vyuma virefu vyenye bawaba inayofungwa anaposimama na kufunguliwa anapoketi. Mzee ambaye gegedu la goti limelika upande mmoja hupewa bresi inayolisukuma goti kidogo, ili uzito uhamie upande ulio mzima. Goti ni lilelile, bresi si ileile.

Bresi nyingi hutumia kanuni moja: kukandamiza mahali patatu. Ukitaka kunyoosha fimbo iliyopinda, mikono huvuta ncha mbili na goti lako husukuma katikati. Bresi hufanya hivyohivyo kwenye mguu au mgongo. Kadiri sehemu hizo tatu zinavyokaribiana, ndivyo ngozi inavyokandamizwa zaidi, ndiyo maana bresi fupi mno huumiza.

Bresi inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni ya mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani. Njia ya daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, hunyoosha mguu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7, na mara nyingi kano ya kisigino hukatwa. Mzazi akiona unyayo umenyooka hudhani safari imekwisha, kumbe ngwe ndefu ndiyo inaanza. Mtoto huvalishwa viatu viwili vilivyofungwa kwenye ufito wenye upana wa mabega yake, kiatu cha mguu ulioathirika kikielekezwa nje nyuzi 60 hadi 70. Huvaa saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka 4 au 5. Ukiacha mapema, mguu una hatari kubwa ya kupinda upya. Nchini Uganda, Michiel Steenbeek alibuni bresi ya aina hii inayoshonwa na kuchomelewa na mafundi wa hapohapo kwa ngozi na chuma cha kawaida. Naona huo ni msaada mkubwa kuliko shehena ya vifaa vya ng'ambo, maana mtoto hukua na viatu hubadilishwa.

Wanaopima na kutengeneza vifaa hivi ni wataalamu waliosomea. Chuo cha TATCOT, kilichopo hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1981. Soksi ya goti ya dukani hutia joto na kubana kidogo, haiwezi kuzuia goti lililolegea.

Mwenye kisukari au ukoma aliyepoteza hisia miguuni hatasikia bresi ikimchubua, hivyo ngozi ikaguliwe kila siku inapovuliwa. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu pekee: papasa uone kama pana joto, pamevimba au pamekuwa pagumu, na alama isipotoweka ndani ya nusu saa, rudisha bresi kwa fundi airekebishe.