Punda aliyekakamaa hana asidi ya kutolewa

Nimechoka kuambiwa: "Daktari, miguu imejaa asidi, tunamkimbiza itoke." Asidi ya laktiki, ile ambayo msuli huitengeneza ukifanya kazi kwa nguvu, hailali kwenye msuli. Punda akishapumzika, mwili huimaliza ndani ya saa moja au mbili. Moyo na misuli huichoma kama nishati, ini hugeuza iliyobaki kuwa sukari. Punda aliyebeba maji jana na leo anatembea kwa hatua fupi, ukimbonyeza paja anajiondoa, asidi hiyo ameipata wapi?

Huyo nyuzi za misuli zimeumia, na mara nyingi ni kwenye kushuka, si kupanda. Mteremkoni mkokoteni unamsukuma naye anauzuia, kwa hiyo msuli unakaza huku unavutwa. Vipande vidogo ndani ya uzi vinanyooka kupita kiasi, utando unatoboka, kalisiamu inaingia ovyo na uharibifu unaendelea kwa ndani. Saa chache baadaye chembe nyeupe za damu hufika, makrofaji, yaani chembe zinazomeza uchafu, husafisha kilichokufa, kisha seli setelaiti zilizolala pembezoni mwa uzi huamka, huzaliana na kuungana na uzi ulioumia. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na jeraha kubwa huchukua wiki. Ukimkimbiza katikati yake unafumua kinachoshonwa. Mpe maji, mwache ajitembelee bila mzigo, na kabla hajarudi kazini tia breki kwenye mkokoteni. Hili la breki nitalisema mpaka nisikike.

Wengine huniambia: "Mkojo wa rangi ya kahawa ni kichocho." Akikojoa hivyo baada ya kazi, huku misuli imekuwa migumu, hiyo ni mayoglobini, protini nyekundu ya msuli, iliyovuja kutoka kwenye misuli, nayo huua figo. Huyo asisogezwe hata hatua moja. Mwite daktari hapo hapo alipo. Na usimchome dawa ya maumivu akiwa amekaukiwa maji, kwa sababu nayo huumiza figo.

"Siku za mapumziko mjazie pumba apate nguvu." Farasi wa kazi wa Ulaya walipumzika Jumapili kwa nafaka ileile ya siku za kazi, Jumatatu wakakakamaa barabarani, hata ugonjwa ukaitwa wa Jumatatu. Asipofanya kazi, punguza pumba, mpe majani.

"Bila kuumia hapati misuli." Si kweli. Msuli hunenepa kwa mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, na uzi uliozoeshwa mteremko mfupi hauumii sana kama mwanzo kwenye mteremko uleule wiki inayofuata.