Kuchoma mafuta hakuhitaji kukimbia hadi uhemewe

Dhana: Usipohema na kulowa jasho, mafuta hayachomeki.

Ukweli: Mwili hutumia mafuta na wanga kwa pamoja, na kasi yako ndiyo huamua kipi kitatumika zaidi. Ukiongeza kasi sana, misuli hutaka nishati ya haraka, ikageukia sukari iliyojiwekea akiba, na matumizi ya mafuta hushuka. Kwa mwenye unene uliokithiri, hasa aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, hali hiyo huja mapema: kilele cha kuchoma mafuta mara nyingi huwa karibu na nusu ya uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni. Hapo ni kutembea kwa haraka, si mbio. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuongea sentensi nzima, ila kuimba ushindwe.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtu wa kilo 110 akipandishwa ngazi mbio siku ya kwanza, eti kitambi kiyeyuke. Magoti yanavimba, na wiki ya pili haonekani tena.

Jasho lenyewe ni maji na chumvi. Ukijifunga nailoni tumboni unapoteza maji, nayo yanarudi ukinywa.

Dhana: Basi mazoezi makali hayana faida.

Ukweli: Yanayo, maana mafuta yanayochomeka katika zoezi moja ni machache tu. Tuseme unachoma gramu 0.3 za mafuta kwa dakika: dakika 45 ni gramu 13 na ushee, yaani kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia. Kinachopunguza mwili ni hesabu ya wiki na miezi, pamoja na unachokula. Tafiti zilizolinganisha mazoezi makali ya vipindi vifupi na ya wastani zimeona mafuta yakipungua kwa kiasi kinachokaribiana. Hayo makali huokoa muda. Yaongeze mwili ukishazoea, na mwenye presha au kisukari amwone daktari kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 unataka dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu.

Dhana: Mizani isiposhuka, umepoteza muda.

Ukweli: Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo yanaweza kupungua, na insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, ikafanya kazi vizuri zaidi, hata kilo zikibaki zilezile. Pima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani kila mwezi.