Betri ya volti 12 haijaigeuza pikipiki yako

Jana kaja mteja wa tatu mwezi huu mwenye kosa hilohilo. Kaegesha Yamaha DT 175 ya miaka ya 1970, zile zilizokuwa za mabwana shamba, tangi limepigwa rangi mpya linang'aa, na pale inapokaa betri ndogo ya volti 6 kabana betri mpya ya volti 12 kwa mpira wa tyubu. "Fundi, nishaigeuza volti 12. Nifungie globu tu niwahi."

Nikamwambia, kaa kwanza, kaka.

Betri ni mtungi. Anayeteka maji ni koili iliyo ndani ya magneti, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, na koili haina habari kwamba umebadilisha mtungi. Kwenye DT hizi taa kubwa haipiti hata kwenye betri, inachukua umeme moja kwa moja kwenye koili. Betri ni ya indiketa, honi na taa ya breki. Kwa hiyo hata ukifunga betri ya lori, taa ya mbele itabaki vilevile. Moto wa plagi nao una koili yake, ndiyo maana pikipiki hizi huwaka bila betri kabisa. Usiuguse.

Sasa, kuna jambo linalonigombanisha hata na mafundi wenzangu: "koili hii ni ya volti 6." Hakuna kitu kama hicho. Chomoa waya wa taa, weka mita kwenye umeme wa AC, ule unaokwenda mbele na nyuma kama wimbi, washa injini upige resi. Utaona namba inapita 6, inapita 12, inakwenda zake. Kinachoishusha hadi 6 ni mzigo: globu ikiwaka inavuta, na waliounda pikipiki walipiga hesabu ya globu za wati fulani ili volti zisipande. Ndiyo sababu globu ya mbele ikiungua ukiwa mwendo kasi, ya nyuma inaifuata sekunde hiyohiyo. Mzigo umeondoka, volti zimepaa. Wateja wananiambia globu za dukani ni feki. Wakati mwingine ni kweli, lakini si mbili kwa pamoja kila mara.

Kumbe basi kinachoigeuza pikipiki ni regyuleta, kile kidude chenye mapezi ya alumini kinachozizuia volti zisipite kama 14 na nusu. Regyuleta ya pini nne ya pikipiki za Kichina za 125 ipo kila duka la spea, na inafaa kwa sababu imetengenezwa kwa koili ambazo ncha moja imeshikwa kwenye ethi, yaani chuma cha injini na fremu, kama hizi. Ukichukua ile ya pikipiki kubwa yenye daiodi za daraja, zile nne zinazotumia wimbi zima, ukaifunga bila kuinua ethi ya koili (kuitenga ile ncha na chuma), umepiga shoti kupitia daiodi. Nimeziona zikitoa moshi. Moja ilikuwa yangu.

Kuinua ethi ni hivi: unafungua magneti, unatafuta ile ncha ya waya mwembamba iliyolehemiwa kwenye chuma cha koili, unaipasha moto na kuing'oa polepole, unakwangua vanishi yake kwa wembe, unalehemu waya laini mpya, unauvika soksi ya kuzuia shoti, unaufunga kwa uzi na kupaka gundi ya Araldite. Halafu mita: kati ya waya mpya na chuma pasipite umeme. Hapo betri inapata nusu zote mbili za wimbi badala ya moja, na taa zote zinahamia kwenye betri. Inapendeza sana. Lakini waya wa zaidi ya miaka 40 ni kama bua kavu, ukiukunja mara mbili umekatika ndani kabisa usikoweza kufika. Nimeua koili mbili namna hiyo, na siku hizi mteja akitaka taa ya kwenda sokoni na kurudi, namfungia pini nne na kumwacha na nusu wimbi lake. Wapo watakaoniita mvivu.

Faida ya volti 12 iko kwenye waya. Globu ya wati 35 kwa volti 6 inavuta karibu ampia 6. Swichi yenye kutu na viungio vilivyochakaa vikiwa na omu 0.2 tu, unapoteza zaidi ya volti moja kati ya sita, na globu ya nyuzi ikipungukiwa kiasi hicho mwanga wake unashuka karibu nusu. Kwa volti 12 ampia ni 3 hivi, unapoteza nusu volti tu. Globu haijali.

Ila hesabu hiyohiyo inasema kitu kingine: kabla ya kununua chochote, safisha viungio. Huyu wa jana alipiga fremu rangi hadi chini ya nati ya ethi. Rangi haipitishi umeme, jamani. Nikakwangua kwa msasa, nikavuta waya mmoja kutoka kwenye taa hadi kwenye injini, nikawasha kwa globu yake ya zamani ya volti 6. Akanyamaza.

Hata hivyo alitaka volti 12, pesa ni yake. Tukabadilisha globu zote, honi na flasha pia. Honi ya volti 6 kwenye 12 inalia kwa furaha siku chache halafu basi. Mwisho mita ikasoma 14.2 akipiga resi na 12.3 kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila resi, taa ikiwa imewashwa. Hiyo ya pili ndiyo dosari ya kazi hii: volti 12 zinahitaji injini izunguke zaidi ndipo betri ianze kupata kitu. Kijijini kwenye njia ndefu hutaiona. Kwenye foleni za Dar, globu ya wati 35 ikila umeme wa koili, betri itakwisha taratibu. Nikamfungia LED ya wati 12, akalipa.

Akiwa ameshapanda akauliza, "Kwa hiyo betri yangu ilikuwa sawa?"

Betri ilikuwa sawa. Mpira wa tyubu nimeutupa.